OpenSSL (laibrari ya usimbaji) ya Ubuntu 22.04: nikompaili mwenyewe au?

fundi_seva: Wakuu habari, nina seva ya Ubuntu 22.04 iko laivu, nginx (seva ya wavuti) na postgres (hifadhidata), nikipiga `openssl version` inaleta 3.0.2 ya Machi 2022 na bosi kashaanza kelele eti ya kizamani, nataka nishushe sosi (kodi) ya toleo jipya nikompaili nifute hii ya zamani, kuna noma?

kipanya_cha_dar: Mkuu usiguse kabisa!! libcrypto.so.3, faili la OpenSSL, inatumiwa na sshd (ya kulogin kwa mbali), curl na makorokoro kibao, ukilazimisha yako pale kwenye /usr/lib ikagoma umejifungia nje. Hiyo 3.0.2 isikutishe, Ubuntu wanachukua kiraka cha usalama wanakishonea kwenye toleo lilelile, kinachobadilika ni kimkia tu, mfano 3.0.2-0ubuntu1.15. We piga `sudo apt update` kisha `sudo apt install --only-upgrade openssl libssl3`, halafu `apt changelog libssl3` inataja CVE (mashimo ya usalama yenye namba) zilizozibwa, mtumie bosi asome mwenyewe.

bi_terminal: Na wengi wanaishia hapohapo kwenye apt, kumbe nginx iliyokuwa inarani bado imeshikilia laibrari ya zamani kwenye memori. Cheki `sudo lsof | grep DEL | grep -E 'libssl|libcrypto'`, inaonyesha programu zilizoshikilia faili lililofutwa, kila kinachotokea hapo kiristati, postgres usiku watu wakilala. Na acha dirisha la pili la ssh wazi mpaka uhakikishe unaweza kulogin upya.

fundi_seva: Poa sana, changelog nimeiona, ndefu balaa. lsof imetoa nginx na postgres zote, naristati nginx sasa hivi