Sam wa Supernatural alikosea kumwambia kaka yake vile?

KijanaWaMwanga

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, naomba mtumalizie ubishi maana mimi na mshikaji ninayekaa naye geto tunakaribia kununiana kwa ajili ya watu ambao hata hawatujui. Tunaangalia Supernatural, ile tamthilia ya Kimarekani ya ndugu wawili wa ukoo wa Winchester, Dean kaka mtu na Sam mdogo mtu, wanaowinda majini na mashetani, jamaa wa kuweka muvi alitujazia sizoni zote 15 kwenye flashi, sasa tuko ya 9.

Kwa aliyesahau, mwisho wa sizoni ya 8 Sam alikuwa anamalizia mtihani wa tatu wa kufunga milango ya kuzimu, na ukiisha na yeye anakufa. Dean akamwahi kanisani akambembeleza aache. Akaacha, ila mwili ulishachakaa akazimia. Sasa hospitali ndo Dean akafanya lile jambo, akakubali malaika aingie kwenye mwili wa dogo amponye humo ndani kwa ndani, na kwa kuwa malaika haingii bila mwenyewe kusema ndiyo, malaika akavaa sura ya Dean kwenye akili ya Sam, Sam akasema ndiyo akijua anaongea na kaka yake. Baada ya hapo kimyaa, dogo anapotelewa na masaa hajui alikuwa wapi, kaka anamwambia ni uchovu tu. Na malaika mwenyewe aliyejiita Ezekiel kumbe Gadreel, akamuua Kevin, kijana rafiki yao, kwa mkono wa Sam.

Ndo pale jikoni Dean anajitetea kwamba hata wewe ungefanya hivyo kwangu, Sam akamwambia hapana, hali ikiwa kama ile nisingefanya. Mshikaji anasema Sam hana shukrani, mi nasema yuko sahihi kabisa. Nyie mnaonaje? Na tafadhali msinisimulie ya mbele.

Dada_Ujiji

Mdogo wangu hapo mshikaji wako kakuweza. Dean alikuwa na miaka 4 nyumba yao ya Kansas ilipoungua ile Novemba 1983, baba anampa kichanga cha miezi 6 anamwambia mtoe mdogo wako nje kimbia. Toka siku hiyo hakuna aliyewahi kumwambia ashushe yule mtoto. Baba anapotea siku kadhaa kuwinda majini, wao wamefungiwa motel, ile episodi ya sizoni ya kwanza cereal imebaki bakuli moja anampa dogo yeye anakosa. Sizoni ya 2 kauza roho yake ili dogo afufuke, na kapewa mwaka mmoja tu wa kuishi. Halafu mtu kama huyo umtazame usoni umwambie nisingekuokoa?? Sisi wazaliwa wa kwanza ndo tunajua hilo neno linachomaje.

fundi_simu_KGM

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, nyie mmeshika rimoti 😂 Mimi naumia na Kevin, mtoto wa watu alikuwa anajisomea zake aende Princeton, wakamfuata na mambo yao ya kishetani.

Mnyamwezi_wa_Tabora

Dada nakuheshimu ila msikilize Sam vizuri, hajasema nisingekuokoa, kasema hali ikiwa kama ile. Hali gani? Sam akiwa kazimia alishakaa na Kifo chenyewe, yule mchukua roho, akaomba akiondoka asirudishwe na mtu yeyote na asiumie mtu mwingine kwa ajili yake. Kaamua, katulia. Dean akayapindua yote kwa sababu anaogopa kubaki peke yake, na Sam alimwambia hivyo hivyo wazi. Tena kinachonishangaza Dean mwenyewe yalishamkuta, baba yao alitoa roho yake ili Dean apone, si mnakumbuka sizoni ya 2 yote alivyokuwa na hasira, anaponda gari lake mwenyewe kwa chuma? Alijua uzito wa kuishi kwa kifo cha mwenzio halafu akaenda kumbebesha dogo mzigo ule ule.

Mi haya yananigusa aisee. Nikiwa chuo mama alilazwa, nyumbani wakakubaliana nisiambiwe nina mitihani, na aliyelipitisha ni kaka. Nikipiga simu naambiwa mama yuko msibani Urambo, kesho yake kaenda shamba, simu yake mbovu. Mitihani nikafaulu, mama akapona, na kaka nampenda mpaka kesho, ila tangu hapo akiniambia nyumbani kwema nikikata simu nampigia jirani nihakikishe. Ndo Dean huyo. Hana ubaya hata kidogo, ila humwamini tena.

Dada_Ujiji

Na ungefeli ungemlaumu nani kama sio kaka huyo huyo? Mwenzio alibeba peke yake ili wewe ulale. Halafu huyo Sam wako anayedai haki, sizoni ya 8 Dean kapotelea Purgatory, kule yanakoenda majini yakifa, mwaka mzima hakumtafuta hata siku moja, yeye yuko na mpenzi wake Amelia wanalea mbwa.

Mnyamwezi_wa_Tabora

La mbwa silitetei dada 😂 Lakini ningefeli ningelaumu mwenyewe, angalau ningekuwa nimechagua.

KijanaWaMwanga

Wakuu mrejesho. Jana tumemaliza sizoni ya 9. Yule malaika mbaya Metatron kamchoma Dean kisu, anakufa mikononi mwa dogo, Sam anahangaika kumpeleka akatibiwe, Dean anamuuliza si ulisema hili la mimi kufa uko sawa nalo, Sam anamjibu nilidanganya. Mshikaji karuka kitandani kama kafunga goli, kanipigia makelele mpaka mama mwenye nyumba kagonga ukuta. Mi bado nabisha, kumlilia ndugu yako ni kitu kingine na kumwingizia kiumbe mwilini bila kujua ni kitu kingine. Nasubiri nione Sam naye atafanya nini sasa akiwa ndo mwenye uchungu, maana Dean kaamka ana macho meusi kama ya mashetani na hapo ndo imeishia.

Tatizo sizoni ya 10 episodi ya kwanza kwenye flashi yetu haifunguki, inaandika faili bovu. Kuna mtu yuko Mwanga au Kibirizi anayo nimfuate leo leo?