Kuitwa “dude” kazini: ni dharau?

Habari zenu ndugu zangu,

Nina mwezi wa tano sasa Marekani, niko Dallas, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Juzi nilikubali kubaki saa mbili zaidi kwa sababu mwenzetu mmoja aliumwa. Asubuhi msimamizi wangu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akanitumia meseji: “Thanks, dude.”

Mimi nimekulia Tanga. Dude ninalolijua ni kitu kikubwa kisicho na umbo, ambacho hata jina la kukipa huna. Nimeisoma meseji hiyo mara tatu, moyo unaniuma. Baadaye mwenzangu wa Kimeksiko akaniambia maana yake ni mwanamume. Nikazidi kuchoka. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nataka kupeleka malalamiko ofisini, lakini nimeona niulize kwanza waliotangulia.

Dada yenu, Dallas

---

Dada yangu, pole sana. Ofisini usiende kwanza.

Herufi ni zile zile, ila wao hutamka “duud”, na halina undugu wowote na dude letu wala na kile kidude kilichompa jina Bi Kidude wa Unguja. Hakukuita kitu. Nina miaka 22 hapa na neno hili lilinisumbua mimi pia, ndiyo maana nikalifuatilia.

Mwanzoni lilikuwa neno la kukejeli kweli. Lilivuma New York mwaka 1883, magazeti yakawa yanawacheka vijana wa kitajiri waliojifanya Waingereza: suruali za kubana, viatu vya ncha kali, bakora mkononi, na kazi hawana. Barry Popik na Gerald Cohen, waliopekua magazeti ya zama hizo, wanaona limetokana na “doodle”, yule wa wimbo wa zamani wa Marekani uitwao Yankee Doodle, aliyechomeka unyoya kofiani akajiona mtanashati. Kisha likaelekea magharibi. Huko “dude” akawa mtu wa mjini asiyejua hata kupanda farasi. Familia ya Eaton ilianza kupokea wageni wa namna hiyo kwa malipo kwenye ranchi yao ya Dakota miaka ya 1880, ikahamia Wyoming mwaka 1904, na ranchi za utalii wa aina hiyo mpaka leo huitwa “dude ranch”.

Waliolitoa kwenye kejeli ni watu waliokuwa wakidharauliwa wenyewe. Miaka ya 1930 na 1940, vijana Weusi na vijana wenye asili ya Meksiko, waliopenda suti za mabega mapana, walianza kuitana hivyo wao kwa wao, kwa fahari. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Vijana wa California wanaoteleza juu ya mawimbi walilipokea kutoka huko miaka ya 1960, ndipo likaenea nchi nzima.

Sasa ukitaka kulielewa, fikiria “bwana” letu. Bwana ni mwenye nyumba, ni mume wa mtu, ni Mungu tunayemsifu kanisani. Lakini si tunasema “acha bwana”, “twende bwana”, “aa bwana wee”? Mwanamke humwambia mwanamke mwenzake, na hakuna anayegeuka kutafuta mwanamume alipo. “Dude” limepita njia hiyo hiyo. Scott Kiesling wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliandika juu yake mwaka 2004 akaonyesha kwamba husema mambo mawili kwa pamoja: mimi ni mwenzako, ila tusishikane sana. Wanaume vijana ndio walilitumia zaidi kati yao, lakini wasichana nao walilitumia.

Maana iko kwenye sauti. Likikatwa fupi, anakwambia acha hiyo. Likipanda juu, anashangaa. Likivutwa huku likishuka, anakupa pole. Kwenye meseji sauti haipo, ndiyo maana ilikuchoma.

Pa kuliogopa ni unapolitumia wewe. Usimwambie polisi aliyekusimamisha barabarani, wala hakimu, wala anayekuhoji kazi. Hao waite “Officer”, “Your Honor”, “Sir”, “Ma'am”. Huko kwenu Texas “Sir” na “Ma'am” zina uzito kuliko huku kwetu. Na kama bado hutaki kuitwa hivyo, ni haki yako: mwambie kijana kwa upole, “Please call me by my name.” Mtu mwenye adabu atakusikia.

Kaka yenu, Minneapolis

---

Shikamoo kaka wa Minneapolis. Na nyumbani tufanyeje? Wangu ana miaka 13, jana nimemtuma akanijibu “Dude, I'm coming.” Mimi mama yake! Nilimkatalia pale pale. Nimemwambia hilo ni la rafiki zake. Mimi ataniitikia “abee mama”. Kiingereza chao sikikatai, lakini mtoto ajue anaongea na nani.

Columbus

---

Marahaba mdogo wangu. Hapo niko na wewe. Hata “bwana” hatukumwambia mama.

Minneapolis

---

Ahsanteni nyote. Ofisini sijaenda. Usiku wa jana boksi liliniangukia mguuni, nikakaa chini kwa maumivu. Yule kijana alikuja mbio kutoka upande wa pili, “Duuude”, akilivuta na kulishusha kama kaka alivyoeleza. Akaniletea barafu, akachuchumaa hapo mpaka nilipoweza kusimama.

Dallas