Oktopasi, poni au kichupa cha mkononi: hewa ya akiba ipi ninunue?

Kolekole
Habari za saa hizi wadau. Nataka kununua hewa ya akiba kabla ya safari ya kuzamia ya mwezi ujao, na bajeti inatosha kitu kimoja tu. Nimebaki na njia tatu:
a) nibadilishe oktopasi yangu (sehemu ya pili ya mdomo, ya akiba, kwenye mtungi huohuo) niweke nzuri zaidi
b) poni, yaani mtungi mdogo wa pembeni wenye regulata yake (kifaa cha kuvutia hewa)
c) kile kichupa cha mkononi chenye sehemu ya mdomo juu yake, unakichomeka tu kwenye jaketi
Mke wangu anasema c, kwa sababu hakijazi begi. Nyie mnasemaje?

PonoBuluu
Poni. Uzi ufungwe.

FundiRegulata
Usifungwe. Mkuu Kolekole, umekuja kuomba dawa hujasema unaumwa nini. Unazama mita ngapi? Maji ya joto au ya baridi? Mtungi wako mkubwa lita ngapi? Unazama na nani? Regulata ilifanyiwa sevisi lini? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kolekole
Samahani mkuu. Hatuzidi mita 30. Maji ya kawaida. Mtungi lita 12. Mwenza ninaye, ni shemeji yangu.

Mtepe
"Maji ya kawaida" ndiyo nyuzi ngapi hizo? 😂 Yakiwa chini ya nyuzi 10, hatua ya kwanza ya regulata (ile inayofungwa kwenye mtungi) inaweza kuganda barafu ndani, ikabaki wazi na kumwaga hewa bila kusimama. Huko oktopasi hata uinunue ya dhahabu haitakusaidia, maana inakula chungu kimoja na ile unayovutia. Na huyo shemeji huwa anakaa umbali gani na wewe?

Kolekole
Nyuzi 24 hivi. Shemeji anapenda kupiga picha.

Mtepe
Nilijua tu.

FundiRegulata
Sawa, sasa tuna pa kuanzia. Tupige hesabu ya mita 30. Shinikizo huko ni mara nne ya juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara nne. Mtu aliyeshtuka anavuta lita 40 kwa dakika akiwa juu ya maji, basi kule chini ni 160. Mpe dakika moja ya kuhangaika na kuelewa kilichotokea: 160 zimekwenda. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika kunachukua dakika tatu na kitu, na wastani wa shinikizo njiani ni 2.5: weka 330. Akitaka kusimama kwa tahadhari dakika tatu pale mita 5, ni 180 nyingine. Jumla kama 670.

Poni ya lita 3 iliyojazwa kwa shinikizo la bar 200 ina lita 600. Inakufikisha juu, ila ile dakika tatu ya mita 5 utaikata mwishoni. Poni ya lita 2 ina 400. Hiyo ni ya mtu wa mita 18, si 30. Kile kichupa cha mkononi, kikubwa chake ninachokifahamu kina lita 85. Gawanya kwa 160 uone.

Kolekole
Nusu dakika?

FundiRegulata
Nusu dakika. Na hapo bado hujaanza kupanda.

Nguru_wa_Pili
Fundi umetia chumvi. Lita 40 ni nyingi mno. Mimi kompyuta yangu ya kuzamia inanionyesha 14 na sijawahi kuvuka 17.

FundiRegulata
14 ni wewe umetulia unamtazama kasa anakula majani. Siku mpira wa hewa ukipasuka njoo uniambie kompyuta imesoma ngapi.

MamaNyangumi
Kolekole mdogo wangu, ngoja nikusimulie. Mwenye haraka apite.

Tulikuwa kwenye meli iliyozama, mita 26. Mwenza wangu yuko mbele anapiga picha, kama mita kumi na mbili kutoka nilipo. Nina bar 130, sina wasiwasi. Nikasikia mlio nyuma ya sikio la kulia kama tairi la baiskeli limepasuka, halafu mapovu mpaka kiganja changu mwenyewe sikioni. Ulikuwa mpira wa oktopasi, umekatika pale unapoingia kwenye hatua ya kwanza. Mnicheke msinicheke, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuikamata oktopasi na kuitia mdomoni. Hiyo hiyo iliyokatika mpira! Kwenye mafunzo tuliimbishwa "likitokea lolote, shika ya njano", yaani oktopasi, na mkono ukaenda wenyewe. Nikavuta, hamna kitu.

Nikarudisha ile ya mwanzo. Ilikuwa bado inatoa, lakini kila pumzi nzito kuliko iliyotangulia. Nikapiga mapezi kuelekea kwa mwenza. Sindano ya geji unaiona kwa macho inateremka. Ilipofika 50 niliacha kuitazama, sikuona faida. Nikamshika mguu. Akageuka, akadhani nimeona samaki, akanipa ishara ya "sawa". Nikajipitisha mkono shingoni mara tatu ndipo akaelewa.

Akanipa oktopasi yake. Nikavuta: nusu hewa, nusu maji ya chumvi. Kile kivalvu cha kutolea pumzi, laini kama ganda la kitunguu, kilikuwa kimejikunja na punje za mchanga zimeingia chini yake, hakifungi. Msimu mzima ilikuwa inaning'inia ikiburuzwa chini, na hakuna aliyewahi kuivuta hata pumzi moja kuijaribu. Nilipanda mita 26 nimeweka ulimi juu kuzuia maji, navuta kidogo kidogo kama mtu anayekunywa uji wa moto. Tulipotokeza, mtungi wake ulikuwa na bar 30, na tulikuwa wawili humo.

Jioni nikavuta nyuma kile kifuniko cha plastiki kinachokaa juu ya mpira pale kwenye maungio. Ndani mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino. Kifuniko kile wanaweka eti cha kulinda. Kilikuwa kinanificha.

Tangu siku hiyo nina poni.

PonoBuluu
Sasa mmesikia. Poni.

Chewa
Pole sana dada. Lakini naomba nipinge kidogo. Kilichotaka kukumaliza si ukosefu wa poni. Ni mwenza wa mita 12 na oktopasi isiyopimwa. Kama angekuwa mita 2, na angekuwa na mpangilio wa mpira mrefu wa mita 2.1 kama wanavyotumia watu wa mapangoni, angekupa ile anayovutia mwenyewe. Hiyo unajua inafanya kazi, maana sekunde moja nyuma ilikuwa mdomoni mwake. Yeye anachukua ya pili iliyofungwa shingoni kwa kamba, chini ya kidevu, haiburuzwi popote. Kolekole, huhitaji mtungi mwingine. Nunua mpira mrefu na umfunze shemeji.

MamaNyangumi
Kaka Chewa, kwenye mpira mrefu hatubishani. Lakini mpango wako wote unamtegemea mtu ambaye macho yake yako kwenye kioo cha kamera.

Chewa
Basi abadilishe mwenza.

Mtepe
Ni shemeji yake, Chewa. Shemeji habadilishwi kirahisi hivyo 😂

Nguru_wa_Pili
Mimi poni imenikosesha raha. Regulata mbili zinafanana, nikaruka majini nimeuma ya poni bila kujua. Nazama, natazama geji yangu kubwa haishuki, najisifu moyoni kwamba leo navuta hewa kama mtawa. Mita 18 pumzi ikagoma. Geji inasema 190! Nikadhani koki ya mtungi mkubwa imefungwa, nikaanza kujipapasa nyuma ya kichwa. Mwenza ndiye aliyenichomoa ile na kunitia nyingine. Vifaa vilikuwa vizima vyote. Kila unachoongeza ni kitu kingine cha kukukoroga.

PonoBuluu
Hilo si kosa la poni mkuu. Weka sehemu ya mdomo ya rangi tofauti, na uivae poni mbele ubavuni badala ya mgongoni. Ukitaka kuivuta unaiona unachoshika.

Nguru_wa_Pili
Siku ile hata ingekuwa ya pinki nisingeiona. Nilikuwa nagombana na maski.

MzeeWaKoki
Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi tulianza na mitungi yenye koki ya akiba. Hewa ikishuka, springi inafunga, pumzi inakuwa ngumu, unavuta kifimbo ubavuni na zile bar chache za mwisho zinafunguka. Geji hatukuwa nazo. Shida yake, kifimbo kilikuwa kinanasa mahali kinajivuta chenyewe wakati unashuka. Pumzi ikigoma unavuta, kumbe akiba uliishaila zamani. Nimeona mtu mzima akikivuta mara nne.

Mtepe
Shikamoo Mzee. Na huyo mtu ilikuwaje?

MzeeWaKoki
Marahaba. Tulikuwa mita 9. Alipanda akitoa pumzi njia nzima kama alivyofundishwa, akatoka salama na matusi mdomoni. Hilo mlishike hata mkiwa na poni tatu: ukipanda usibane pumzi. Hewa ya mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu, na mapafu si puto.

Kasa_Bandia
Naongezea kitu. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, walichambua vifo 947 vya wazamiaji, ripoti ikatoka 2008. Kwenye vile ambavyo chanzo kilitambulika, 41% vilianza na hewa kutotosha. Matatizo ya vifaa yalikuwa 15%. Kwa hiyo kabla ya kugombania poni, muulizeni Kolekole anaangalia geji kila baada ya dakika ngapi.

PonoBuluu
Na aliyeishiwa hewa akiwa na poni anapumua nini? Anapumua poni. Takwimu yako inanisaidia mimi.

Kasa_Bandia
Au anajiachia kwa sababu poni ipo. Mtu anashuka na bar 120 "si nina ya akiba". Nimewaona.

FundiRegulata
Wote mko sahihi, ndiyo maana uzi huu hauishi. Kolekole bado hujajibu moja. Sevisi lini?

Kolekole
Nilikuwa nangoja muulize tena nikidhani mmesahau 😅 Regulata niliinunua kwa mtu. Aliniambia iko vizuri. Mimi mwenyewe nina nayo miaka miwili na haijanisumbua, ila juzi sindano ya geji ilikuwa inacheza kila nikivuta pumzi. Nikadhani ni geji ndiyo mbovu.

FundiRegulata
Eeh.

Mkuu, hilo ungelisema kwenye mstari wa kwanza. Sindano inayoshuka ukivuta na kurudi ukiacha maana yake hewa haipiti vizuri kuingia kwenye regulata. Mara nyingi ni koki ya mtungi haikufunguliwa yote, mtu ameizungusha kidogo akaiacha. Juu ya maji inatosha, mita 25 haitoshi. Kama koki ilikuwa wazi kabisa, basi angalia kichujio cha hatua ya kwanza, kile kiduara cha chuma chenye matundu pale hewa inapoingilia. Kikiwa kijani au chekundu kutu, usizame nayo. Sitanii.

Mtepe
Kwa hiyo jibu ni d) sevisi.

Nguru_wa_Pili
Sevisi nayo msiitukuze. Yangu ilirudi kutoka kwa fundi, sitasema nani, ikaanza kutiririka siku ya kwanza kabisa. Kabla ya hapo miaka mitatu ilikuwa kimya. Kitu kizima kiache.

FundiRegulata
Kutiririka kidogo siku ya kwanza ni kiti kipya cha valvu kinajikalisha, au shinikizo la kati (la hewa inayotoka hatua ya kwanza) limewekwa juu. Linatakiwa kukaa karibu bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji. Ikitoka kwa fundi, ijaribu kwenye bwawa la kuogelea kwanza. "Kitu kizima kiache" ndiyo sera ya kifuniko cha MamaNyangumi.

Nguru_wa_Pili
Basi na tukubaliane kutokubaliana.

Chewa
Kuna aliyesema kitu kuhusu maungio ya regulata na mtungi? Maana naona bado watu wanatumia yale ya kubana kwa pete badala ya DIN ya kuzungusha. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa kuvuja) ya DIN imefungiwa ndani, ya kubana iko wazi kwenye uso wa koki. Ukigonga mahali, inatoka.

PonoBuluu
Imeanza.

MzeeWaKoki
Nimetumia ya kubana miaka yangu yote. Oringi zilinipasukia mbili tu, zote nikiwa bado chomboni, nimefungua koki. Unabadilisha unaendelea.

Chewa
Mzee kwa heshima zote, ya tatu itachagua yenyewe ipasukie wapi.

Samaki_Mgeni
Samahani kuingilia. Poni unaruhusiwa kupanda nayo ndege?

PonoBuluu
Iwe tupu, na koki imetolewa kabisa kwenye mtungi ili wakaguzi waone ndani. Uliza shirika lako kabla, wengine hata hivyo hawataki. Wengi tunakodi tukifika.

Kasa_Bandia
Huo ndio ubaya wake. Unafika unaambiwa poni hatuna, na hesabu zako zote ulizipiga ukiwa nayo.

Kolekole
Nimesoma yote. Shemeji ameusoma uzi pia na ameudhika kidogo, anasema mita 12 hajawahi kufika, mwisho wake ni sita. Kichupa nimekitoa kwenye orodha. Mke wangu anauliza poni ya lita 3 ina uzito gani.

Fundi, vile vifuniko kwenye mipira yangu ni vigumu, havirudi nyuma. Nivikate?

FundiRegulata
Loweka kwenye maji ya moto kidogo kwanza, vitalainika. Usitumie kisu karibu na mpira! Kisha ukunje mpira taratibu pale kwenye chuma, chini ya taa, utuwekee picha.

Chewa
Na useme kama ni DIN.

Kolekole
Kimoja kimerudi. Ngoja nitafute taa.