Naanza kunyoa kwa wembe, ngozi yangu kavu na inawaka. Nichukue krimu gani?

Ngarambe_Dom
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naombeni ushauri. Nina miaka 26, nipo Dodoma. Tangu ndevu zianze kuota napunguzwa na kinyozi kwa mashine, wembe sijawahi kuushika. Sasa nimepata kazi mapokezi kwenye hoteli, na sharti lao mwanaume aingie zamu kidevu kikiwa safi kabisa. Naripoti Jumatatu.

Shida ni ngozi. Ni kavu, na siku hizi hata sabuni ya kuogea ikigusa mashavu nasikia moto. Dukani nimekuta povu la kopo, krimu ya tyubu na jeli. Muuzaji anasema zote ni zilezile. Wenye uzoefu nisaidieni, nichukue ipi? Tafadhali mizaha iwe kidogo, nina hofu kweli.

Mzee wa Kwa Mtogole
Kijana, hongera kwa kazi. Sisi hizo krimu hatukuzijua. Mwaka 1984 nipo JKT, kipande cha sabuni ya mche, maji ya baridi, na wembe mmoja unazunguka bweni zima. Ndiyo kwanza tunasikia kuna ugonjwa umeingia Kagera, hatuelewi unaambukizwaje. Nikikumbuka ule wembe hadi leo nashukuru Mungu. Ukimaliza kunyoa pitisha shabu, damu inakata palepale. Nanyoa hivyo mpaka leo na nina wajukuu.

Binti Pangani
Mimi nauliza, ndevu zimewakosea nini hao wenye hoteli? Mwanaume ndevu bwana. Kaongee na meneja wako.

AbuuSalim77
Dada umesema kweli. Kufuga ndevu ni sunna, na riziki haipatikani kwa kuacha mafundisho. Mdogo wangu, tafakari kabla ya kutafakari krimu.

Ngarambe_Dom
Shekhe nakuheshimu sana, ila mkataba nimeshasaini na nyumbani wananitegemea. Naomba tubaki kwenye krimu.

Kinyozi wa Sakina
Mkuu, nipo kwenye hii kazi muda mrefu, sikiliza. Shabu ya mzee inakaza na kukausha, kwa ngozi yako iache. Spiriti pia, na aftashevu yoyote yenye pombe.

Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana ncha inabaki kali, inajipinda na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vinapotoka vile vipele vya shingoni. Kwa hiyo kabla ya krimu kuna maji. Oga kwanza, au weka taulo lenye maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3. Unywele ukinywa maji unalainika, wembe hauuvuti. Chukua krimu ya tyubu isiyo na harufu, yenye gliserini. Isiwe na ile baridi ya mentholi, ngozi inayowaka haipendi. Povu la kopo ni jepesi na linakauka haraka, mtu anayejifunza anajikuta ananyoa pakavu. Wembe uwe na makali mamoja au mawili, fuata nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie palepale mara nyingi. Ukinyoa kama mara 5 hadi 7, tupa.

Na krimu yoyote mpya ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, usubiri siku moja.

Ngarambe_Dom
Asante sana kiongozi, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Ila povu la kopo lenye hiyo baridi nimeshanunua jana. Kuna ubaya nikianza nalo kwanza hadi liishe?

Mtaa wa Mchikichini
Hahaha, kumbe ushauri ulikuwa wa kusindikiza manunuzi.

Mfamasia_Mtaani
Ngarambe, kuna neno umeandika na wote wamelipita. "Siku hizi." Ina maana zamani sabuni haikukuchoma. Usoni unapaka nini?

Ngarambe_Dom
Mafuta ya kawaida tu mkuu. Tuendelee na povu, lina ubaya?

Mama Wawili Temeke
Baba watoto wangu naye alivimba kidevu siku tatu kabla ya harusi ya mdogo wake. Alinyolewa saluni, mashine haikufutwa, vipele vikajaa hadi kwenye picha kageuka pembeni zote. Nikamwambia nunua mashine yako. Bei yake ilimshinda, ila kumbuka hiyo wiki alitoa michango miwili ya sherehe. Wanaume mna vipaumbele vya ajabu.

Mfamasia_Mtaani
Ngarambe, nakuuliza tena na sikuhukumu. Mafuta gani? Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye chombo.

Ngarambe_Dom
Sawa. Kuna tyubu ndogo nachanganya kwenye losheni, napaka usiku. Nilipewa na mshkaji mwaka jana nikiwa na chunusi. Imeandikwa klobetasoli 0.05. Lakini jamani sijichubui, msije mkanielewa vibaya. Chunusi ziliisha ndani ya wiki, uso ukanyooka, na kwenye usaili walinisifu nilivyo nadhifu. Nikikosa siku mbili uso unawasha na kuwa mwekundu, kwa hiyo naona inanisaidia. Na kwa sababu naogopa wembe, nimechukua pia ile poda ya kutoa nywele, unapaka unafuta. Nilipanga kuanza nayo Jumapili.

Mfamasia_Mtaani
Poda usiiguse. Tafadhali sana. Zile poda na krimu za kutoa nywele ni kali upande wa alkali, zinayeyusha protini ya unywele, na ngozi yako ya juu imejengwa kwa protini hiyohiyo. Mtu mwenye ngozi nzima anaweza kuzitumia akafuata dakika zilizoandikwa. Wewe utaungua.

Sasa tyubu. Hiyo 0.05 inaonekana ndogo, ila klobetasoli ipo kundi la juu kabisa la ukali katika steroidi za kupaka, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Maelekezo yake ni kutozidi wiki 2 mfululizo, na usoni haipakwi. Wewe umevuka mwaka mmoja ukaingia mwingine. Inafanya ngozi kuwa nyembamba, ndiyo maana sabuni inakuchoma, na wembe utakukata hata ukiushika vizuri. Kuwashwa ukikosa siku mbili si dalili kwamba inakusaidia. Ngozi imeizoea, inaidai. Na kama pana fangasi chini, hiyo dawa inawaficha huku wanaenea.

Usiikate kwa pupa, usiiongeze pia. Nenda hospitali ya rufaa hapo Dodoma, uliza kliniki ya ngozi, beba tyubu yenyewe. Chuo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi kinafundisha wataalamu tangu 1992, wengi wametawanyika mikoani, hukosi wa kukuona. Mwombe daktari barua ya kumpa meneja ili kwa sasa upunguze kwa mashine kwa urefu mdogo, bila wembe. Waajiri wengi barua ya daktari wanaielewa.

Ngarambe_Dom
Mkuu, Jumatatu ni siku ya kwanza kazini. Naanzaje na barua ya ugonjwa? Si nipake hiyo tyubu mpaka mwezi wa majaribio uishe, halafu ndiyo niende?

Kinyozi wa Sakina
Naungana na mfamasia, na yote niliyokuandikia kuhusu wembe yaweke pembeni kwanza. Wateja wa aina yako nawajua wakikaa kwenye kiti. Ukipitisha mashine tu ngozi inabadilika rangi. Hao siwapitishii wembe hata wakiniongezea hela.

Jicho la Tatu
Wadau, mnaandika insha kwa mtu anayetunywesha chai. Nimefukua nyuzi zake. Mwezi wa nne aliandika yupo chuo Mbeya, analia bumu limechelewa. Leo yupo mapokezi Dodoma. Na mtu gani ananunua povu, poda na tyubu, halafu ndiyo anaomba ushauri? Hapa tunaandaliwa biashara. Subirini, atakuja mwenzake na dawa ya mitishamba.

Ngarambe_Dom
Chuo nimemaliza mwezi wa saba. Kuna ubaya gani kumaliza chuo?

NgoziNyororo_Asili
Habari wapendwa, mimi nilikuwa na tatizo kama la mleta mada, nimepona kabisa kwa krimu ya asili isiyo na kemikali. Njoo PM tuongee, natuma mikoa yote.

Jicho la Tatu
NILISEMA AU SIKUSEMA???

Mtaa wa Mchikichini
Jicho la Tatu wewe si bure. Akaunti imefunguliwa leo hiihii.

AbuuSalim77
Uongo haujengi. Kama ni kweli tumepotezewa muda, mleta mada aombe radhi.

Ngarambe_Dom
Huyo simjui jamani, naapa. Tyubu ninayo hapa mkononi. Nimeandika nikitetemeka, nyie mnanifanya tapeli.

Binti Pangani
Mimi namwamini. Tapeli asingekubali kwamba anapaka kitu cha hivyo, mwanaume wa bongo huliambii jukwaa zima. Ila na mimi ningeuliza, mbona ulificha mwanzo?

Mzee wa Kwa Mtogole
Muacheni kijana. Aliona aibu.

Jicho la Tatu
Mzee kwa heshima yako nanyamaza, lakini huyo wa mitishamba atimuliwe.

Mfamasia_Mtaani
Hata kama ni chai, tyubu hizo zipo kweli. Watu wanakuja dirishani kuziomba kwa jina la "dawa ya chunusi" na ukimwuliza cheti cha daktari anakwenda duka la pili. Ngarambe, kuhusu mwezi wa majaribio jibu ni hapana. Nenda kesho asubuhi.

Na krimu isiyo na kemikali haipo duniani, hata maji ni kemikali. Mikorogo mingine inayouzwa kwa jina la asili imewahi kukutwa na haidrokwinoni ya kuchubua ngozi, zebaki au hizihizi steroidi. Kama chombo hakina orodha ya viambato wala alama ya TBS, shirika la viwango, usikipake.

Mgeni_msomaji
Samahani, huwa nasoma tu, siandiki. Naomba kuuliza hapohapo. Mtoto wangu ana miezi minane, alipata vipele vya nepi, jirani akanipa tyubu ya jina hilohilo. Nampaka kila nikimbadilisha, ni wiki ya tano sasa. Vipele vinaondoka vinarudi. Na yeye pia niache kumpaka?

Mfamasia_Mtaani
Mama, hapana, usiikate dawa kwa uamuzi wako mwenyewe na usisubiri. Ngozi ya mtoto inanyonya dawa kuliko yetu, na nepi ikifunika inaingia zaidi, inaweza kufika kwenye damu na kuvuruga homoni zake. Daktari wa watoto ndiye aamue namna ya kuipunguza. Upo mkoa gani? Ananyonya vizuri? Uso umevimba au uzito umebadilika? Mpeleke leo, beba na tyubu, mwambie daktari ni wiki ngapi kama ulivyotuandikia hapa.

Mgeni_msomaji
Nipo Singida. Ananyonya. Mashavu yamejaa, kila mtu anasema amenawiri. Natoka sasa hivi.