Tupeane uzoefu: chakula gani kilikushushia kolesteroli?

Wakuu, mwangaluka. Mwezi wa sita nilipima damu, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikasoma 4.6. Sikuwa naumwa popote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Daktari akanipa miezi mitatu nirekebishe chakula kwanza, tuone.

Kila asubuhi nilikuwa nakunywa supu ya makongoro na chapati mbili. Siku moja nikapigiwa simu katikati ya kula, kurudi nikakuta supu imepoa, utando mweupe umeganda ukingoni mwa bakuli. Nikaukwangua kwa kijiko, ukajaa kijiko. Sijairudia tena.

Nikahamia uji wa mtama usiokobolewa, mchana maharage, jioni mlenda. Nesi alinieleza kwamba ule utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni na kutoka nayo chooni. Ini sasa linalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Bamia na maharage vinafanya kazi hiyohiyo. Mwezi wa tisa nikapima tena: 3.9. Bado ni juu, lakini imeshuka bila kununua kitu chochote nje ya soko la Igoma. Nanyi leteni yenu.

Mama Dagaa, Kirumba: Hongera mwanangu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, na wateja wangu wengi wanawazamisha kwenye mafuta mpaka wakauke kau. Dagaa mwenyewe ana mafuta mazuri, kwa nini umwongezee? Loweka maji ya moto, osha mara tatu mchanga uishe, chemsha na nyanya, kitunguu na ndimu. Mwishoni tia karanga za kusaga, vijiko viwili vinatosha. Mume wangu alinuna wiki ya kwanza. Sasa ndiye anayeomba.

Mstaafu wa Ilemela: Kwetu tatizo lilikuwa mawese, maana mke wangu ni wa Kigoma. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL. Tukahamia alizeti, na chupa iliyokuwa ikiisha kwa wiki mbili sasa inafika mwezi. Mawese tumeyaachia sikukuu.

Dereva, Nyegezi: Niliacha chipsi za stendi, nikawa nabeba michembe na karanga za kuchemsha. Nitapima mwezi ujao.

Binti wa Buswelu: Jamani, naomba hili mlisome. Baba yangu alipata kiharusi, akaanzishiwa vidonge vya kolesteroli. Mtu akamwambia kitunguu saumu kinatosha, akaviacha bila kutuambia. Miezi mitano baadaye vipimo vilikuwa vimerudi palepale. Nililia siku ile. Sasa mlenda anakula na vidonge anameza, vyote viwili. Anayetumia dawa asiache kabla hajaongea na daktari wake. Kaka, na mayai je, ulikatazwa?

Mleta mada: Pole sana dada, baba apone. Sikukatazwa, nakula moja kwa siku, la kuchemsha. Daktari alisema niogope zaidi mafuta ya nyama na siagi. Na wenye presha, mkipika mlenda punguzeni magadi, yana sodiamu kama chumvi. Mimi natia nyanya chungu na karanga, magadi situmii kabisa, na unavutika vilevile.