Mliowahi kulala kwenye vila zenye bwawa lake milimani Thailand, tupeane uzoefu

Mzee wa Mawe, Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Jana binti yangu kanitumia picha ya vila huko milimani Thailand anakotaka kutupeleka mwakani, mimi, mama yake na wajukuu wawili. Bwawa linaishia ukingoni mwa mlima, unadhani maji yanamwagikia bondeni. Chini ukungu, nyuma mianzi. Ile picha imenirudisha Mae Rim, nikaona nianzishe uzi kabla hajatuma hela.

Biashara yangu ni vito. Bangkok nimeanza kwenda 2009, na wikiendi huwa nashuka Chanthaburi, mji wa soko la vito. Wenzangu wa mawe mnalijua lile soko: mnunuzi ndiye anayekaa mezani, wewe mwenye mali unazunguka na vipakiti vyako, safaya za Tunduru kwa tanzanaiti ya Mererani. Desemba 2018 mambo yalikaa vizuri, nikamwita mama watoto, tukaruka hadi Chiang Mai na kuchukua vila milimani Mae Rim kwa siku nne.

Tulifika saa kumi jioni. Nikavaa bukta, nikajitosa. Wakuu, maji yale yalinikata pumzi! Kumbe kaskazini kule Desemba na Januari ni miezi ya baridi. Usiku milimani joto linashuka hadi nyuzi 10 na chini yake, na kilele cha Doi Inthanon, chenye mita 2,565, kuna asubuhi umande unaganda kwenye majani. Bwawa letu halikuwa la kupashwa moto. Tulililipia, tukalitazama kupitia kioo siku zote nne, mablanketi mabegani kama tuko Lushoto mwezi wa saba. Nyumba yenyewe nzuri, mama wa usafi mkarimu, chakula safi. Lakini tulifuata bwawa.

Aliyelala huko atupe yake. Nataka nimjibu binti kwa hoja.

Mwalimu wa Kisumu

Mzee, mimi nafundisha Chiang Mai mwaka wa sita sasa. Baridi ina nafuu. Mwambie binti asithubutu Februari mwishoni hadi Aprili. Huo ndio msimu wa moshi. Mashamba yanachomwa, misitu inawaka, na mji umekaa kwenye bonde kama bakuli, moshi unatuama tu. Kuna siku Chiang Mai inatajwa kuwa mji wenye hewa chafu kuliko yote duniani.

Shangazi yangu alikuja Machi na mumewe, wakakodi vila yenye bwawa Hang Dong kwa sababu ya mandhari ya mlima. Mlima hawakuuona hata mara moja. Doi Suthep, mlima mzima wenye hekalu juu, ulipotea kabisa. Maji ya bwawa yalikuwa na majivu juu juu kila asubuhi. Shangazi ana pumu, tukaishia kununua mashine ya kusafisha hewa, na tukamfungia chumbani siku tano. Njooni Novemba: mvua zimekatika, moshi bado, maji hayajawa baridi sana.

Kipara wa Moro

Nakuunga mkono mwalimu. Macho yaliniwaka wiki nzima.

Dereva Mstaafu

Hao watu wa milimani wanaochoma msitu wao wenyewe wakamatwe tu. Ni uvivu wa kulima.

Mwalimu wa Kisumu

Hapana, kaka. Usiwabebeshe Wahmong na wenzao mzigo wote. Mahindi mengi yanayolimwa kwenye miteremko ile ni ya chakula cha mifugo, yana wanunuzi wakubwa mjini. Na moshi mwingine unavuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Wanafunzi wangu ni watoto wa hao watu unaowaita wavivu. Wazazi wao huamka usiku kwenda kuuzima moto kwa matawi.

Dereva Mstaafu

Nimesoma. Lakini mwenye kiberiti si ndiye mwasha moto?

Binti Pongwe

Jamani tusigombane. Mimi yangu ni ya kijumba. Mtakaokwenda mtaona kwenye pembe ya kila kiwanja kuna kijumba kidogo juu ya nguzo, kinapambwa kwa maua. Ni makao ya mlinzi wa ardhi ile. Asubuhi mama wa usafi anaweka wali, ubani na chupa ya Fanta nyekundu yenye mrija. Mwanangu wa miaka sita akaamka kabla yetu, akaiona Fanta, akainywa yote.

Yule mama hakusema kitu. Alikwenda kuleta chupa nyingine, akawasha ubani upya, akaunganisha viganja usoni muda mrefu. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilimpa mwanangu chupa mpya akaiweke mwenyewe, ndipo yule mama akacheka na kumpapasa kichwa. Waambieni watoto mapema.

Mlinzi wa Zamu

Hiyo ni mizimu. Ungehama siku hiyo hiyo. Na kumtuma mtoto akatoe sadaka kwa mizimu ni makosa makubwa, dada.

Binti Pongwe

Mwanangu alirudisha alichochukua. Ukinywa soda ya mtu nyumbani kwake, hulipi?

Bin Saleh, Muscat

Assalaam alaykum. Dini yangu naishika na sijamwekea mtu ubani, lakini mgeni hagusi cha mwenyeji, basi. Dada kafanya uungwana. Sisi tulikuwa Phuket, kile kisiwa cha kusini, na wanaouliza chakula wasiwe na shaka: Waislamu ni wengi pale, misikiti ipo, vyakula vya halali tele. Kamala kule chini kuna kijiji chao kabisa.

Mama Wawili, Dar

Kamala. Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Bin Saleh umetaja Kamala, na Mzee umetaja picha ya bwawa la ukingoni na wajukuu wawili. Basi ngoja niseme.

Vila yetu ilikuwa mlimani juu ya Kamala, barabara ya zege iliyosimama wima mpaka gari linaunguruma kwa gia ya kwanza. Tulikuwa mimi, mume wangu, mama mkwe, mkubwa wangu wa miaka saba na mdogo wa miaka miwili na nusu. Sebule imefunguka upande mzima kwa mlango wa kioo wa kusukuma, hatua nne tu unaingia kwenye maji. Mita moja na nusu kwenda chini, kina kile kile kila upande, hakuna sehemu ya watoto. Siku ya kwanza nilimuuliza yule mama anayetunza nyumba, uzio uko wapi? Akanionyesha stoo. Uzio upo, umekunjwa. Kwa Kiingereza cha kubabaisha akaniambia bosi anauondoa kwa sababu ya picha. Nikasema kesho tutauweka. Tumechoka na safari. Mlango ulikuwa mzito, nikajiambia mtoto hauwezi.

Asubuhi, kama saa moja na nusu, nakaanga mayai. Mume wangu yuko bafuni. Mama mkwe anasali. Mkubwa anaangalia katuni. Mdogo nilimwacha kwenye zulia na dada yake. Kilichonishtua ni kimya. Hakuna mtumbukio niliousikia, hakuna kilio, hakuna maji kuruka. Wote tuliokua tukiona watu wa filamu wanazama wanapiga kelele, tumedanganywa. Niligeuka, nikaona mlango umesogea upana wa mtoto. Maua meupe ya msanapichi yalikuwa yanaelea majini, usiku upepo uliyaangusha. Katikati ya maua nikaona gauni lake la njano, limefunguka juu ya maji kama mwavuli.

Siogelei. Niliruka hivyo hivyo na kanga. Nilimshika, nikamsukumia ukingoni, mume wangu akampokea. Midomo ya bluu. Shingo haina nguvu. Mama mkwe akapiga ukelele, "Mpindue! Mshike miguu maji yatoke!" Yule mama mtunzaji naye akaja mbio na kumnyakua, anataka kumtupia begani kichwa chini, aanze kukimbia naye. Watu wawili wa nchi mbili wasiojuana lugha, wazo lile lile. Mume wangu anafanya kazi bandarini, walifundishwa huduma ya kwanza kazini. Alimnyang'anya mtoto kwa nguvu. Sijawahi kumwona akimsukuma mama yake. Akamlaza sakafuni, akainua kidevu, akampulizia mara tano, kifua kinapanda nakiona. Kisha akaanza kukandamiza. Kisha akapuliza tena. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mayai yaliungua jikoni, harufu ile mpaka leo siwezi.

Alitapika. Akakohoa. Akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mtunzaji akapiga 1669, ndiyo namba yao ya gari la wagonjwa, lakini barabara zile za mlimani hazina jina, nyumba hazina namba unayoweza kuitaja. Mumewe akaona tutachelewa, akatupakia kwenye pikapu yake hadi hospitali mjini Phuket. Walimlaza siku mbili, oksijeni na uangalizi, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa baadaye hata mtoto akionekana mzima. Mwenye vila alituandikia kwamba usalama wa watoto ni jukumu la mgeni, imo kwenye masharti. Imo kweli, niliisoma. Pole hakutuma.

Kipara wa Moro

Nimeacha kazi nimekaa chini. Pole sana dada.

Binti Pongwe

Na mimi nilikuwa naandika habari za Fanta. Mungu ni mwema.

Dereva Mstaafu

Pole mama. Lakini bibi msimlaumu. Kwetu Ukerewe mtoto akizama ziwani tunampindua, na wengi wamepona.

Nesi wa Tabora

Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Waliopona walipona licha ya kupinduliwa. Anachokosa aliyezama ni hewa. Ukimning'iniza unapoteza dakika zile zile za kumpulizia, na yaliyomo tumboni yanatoka na kuingia kwenye njia ya hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, pumzi zitangulie, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, usiache mpaka msaada ufike au apumue. Baba yule alifanya sawasawa. Na hospitali ni lazima, hata akicheka.

Mwalimu wa Kisumu

Naongezea: hapa Thailand hiyo ya kumbeba begani ni desturi ya zamani, na watu wa afya wanaipiga vita. Kwa hiyo yule mtunzaji alifanya alichofundishwa na bibi yake.

Mlinzi wa Zamu

Dawa ni moja: mwenye mtoto chini ya miaka mitano asichukue nyumba yenye bwawa. Kwani bahari haipo?

Bin Saleh, Muscat

Baharini Phuket kuanzia Mei hadi Oktoba mawimbi yanavuta watu, bendera nyekundu kila mahali. Si jibu. Kwetu bwawa la nyumbani bila uzio silali. Mfunge mtoto maboya ya mikononi tangu anaamka.

Nesi wa Tabora

Maboya ya mikononi yanachomoka, shehe. Yanampa mzazi amani ya uongo.

Fundi Geti

Kengele ya mbuzi mlangoni. Nacheka lakini nasema kweli: kamba, kengele, mlango ukisogea mnaamka wote. Sokoni zipo.

Mtafuta Bei

Turudi kwenye mada. Bei kwa usiku ni kiasi gani?

Kipara wa Moro

Wewe soma kwanza watu wanaandika nini.

Bin Saleh, Muscat

Bei inabadilika kwa msimu, ndugu. Uliza kitu kingine kwanza: nyumba ina kibali? Sheria yao ya hoteli ya 2004 inataka kibali kwa anayekodisha chini ya siku 30, isipokuwa nyumba ndogo zilizojisajili. Na uliza imekaaje mlimani. Tarehe 23 Agosti 2024 sisi tulikuwa Rawai, huko huko Phuket, mvua usiku kucha, alfajiri tukasikia mlima wa Nakkerd, ule wenye sanamu kubwa ya Buddha, umemeguka upande wa Karon. Watu 13 walikufa, wenyeji na wageni. Tangu hapo msimu wa mvua mimi nalala bondeni.

Mwalimu wa Kisumu

Na skuta za kukodi milimani mziache kama huna leseni ya pikipiki. Ya gari peke yake bima haiitambui, hospitali utalipa mfukoni. Kadi ya homa ya manjano msiisahau, sisi wa Kenya na Tanzania tunadaiwa hiyo uwanja wa ndege kabla ya uhamiaji.

Mzee wa Mawe, Arusha

Wakuu, nilileta habari za maji baridi. Nimempigia binti, nimemsomea ya Mama Wawili yote, amelia kwenye simu. Mama, mtoto anaendeleaje? Na ule uzio, ulikuwa wa kudumu au wa kutoa na kurudisha? Nataka nimwandikie mwenye nyumba usiku huu.

Mama Wawili, Dar

Mzima, Mzee, ahsante. Yuko chekechea, anaimba kutwa. Sasa wote wawili wanafundishwa kuogelea, na mimi pamoja nao.

Uzio ulikuwa wa kutoa na kurudisha, nguzo zinachomekwa kwenye matundu sakafuni. Usimuulize kama upo, atasema upo. Mwambie akutumie picha ukiwa umesimamishwa, geti limefungwa na kitasa chake kiko juu. Na ukifika, usiingize begi ndani kabla hujauona.

Mzee wa Mawe, Arusha

Nimeandika hivyo hivyo neno kwa neno. Nasubiri picha.