Mparachichi umeinamia jikoni baada ya upepo: niukate au niuinue?

MwanaBahati: Hamjambo jameni. Niko Bahati, Nakuru. Mvua ya juzi usiku ilikuja na upepo mbaya, miparachichi miwili imeinama. Mmoja ni mdogo, shina lina unene wa kifundo cha mkono. Mwingine ni mkubwa, wa kienyeji, aliupanda marehemu baba. Udongo umefumuka upande mmoja, mizizi iko nje. Niuvute kwa kamba au kwa waya? Sijalala.

MamaWawili: Pole sana. Huku Njoro mgrevilea uliangukia choo mume wangu akiwa ndani. Alitoka mzima, ila mpaka leo akiona wingu anajisaidia mapema. Hamisha sufuria kwanza, mti utangoja.

MzeeKigoda: Mnapanda miti ukutani kisha mnalaumu upepo. Zamani mtu alimuuliza baba yake kabla ya kushika jembe.

MwanaBahati: Mzee, baba ndiye aliyeupanda.

MkulimaRongai: Upande uliofumuka kuna nini?

MwanaBahati: Hakuna kitu.

MkulimaRongai: Hakuna kitu kabisa?

MwanaBahati: Kuna shimo la choo, tulilichimba mwezi jana. Lakini ploti ni futi hamsini kwa mia, ningeliweka wapi? Fundi alisema kukata mizizi miwili mitatu hakuna neno. Na trekta la kuuvuta nimeshalilipia, linakuja kesho.

MkulimaRongai: Sasa tunaongea. Mizizi ya mparachichi haiendi chini sana, mingi iko kwenye futi mbili za juu, na wewe umeikata upande mzima. Trekta litaung'oa na ile iliyobaki. Mkubwa usiusimamishe. Tafuta mtu wa msumeno anayejua kupanda juu ya mti, apunguze matawi ya juu, ayashushe kwa kamba, kisha shina likatwe libaki kama mita moja. Paka kisiki chokaa jua lisiunguze gome. Mizizi ikiwa bado inashika, kitachipua, na machipukizi utayabebesha (kuyapandikizia) Hass, aina ya parachichi ya kisasa. Na watu wasilale upande wa jikoni mpaka kazi iishe.

Mdogo unyooshe leo, udongo ungali laini. Funika mizizi kwa gunia lililolowa, chimbua chini yake ipate pa kukaa, sukuma polepole, rudisha udongo. Vigingi viwili, na ufunge kwa tyubu ya baiskeli; waya utakata gome. Usikaze sana: shina likitikisika kidogo ndipo linapata nguvu. Baada ya mwaka fungua.

MwanaBahati: Lakini pesa ya trekta hairudi.

Kaptula: Ngojeni kidogo. Si huyu aliyekuwa Busia mwezi jana, ng'ombe wa mama mkwe amemeza chaja? Sasa ana mti, choo na trekta. Mimi pia niko Bahati na juzi hapakunyesha hivyo.

MwanaBahati: Busia ni kwa wakwe. Na ng'ombe ni kweli.

MamaWawili: Chaja ilitoka?

Kaptula: Weka picha ya mti.

MwanaBahati: Simu haina chaji.

MzeeKigoda: Bila shaka. Ng'ombe anayo.

MkulimaRongai: Awe mwongo au mkweli, kuna mtu atausoma huu uzi na mti wake umeinama. MwanaBahati, umeshamwambia mwenye trekta asije?

MwanaBahati: Nimemwambia aje avute ule mdogo.